Kuku wangu wa Leicester na kundi la bibi kule Muheza

Wacha niseme mapema, mimi Uingereza nimeshakaa vya kutosha, baridi nimezoea, mkate wa mchana nimezoea, ila kuna jambo moja watu wa nyumbani wakilisikia wanacheka mpaka basi, nalo ni kwamba nafuga kuku uwani kwa ajili ya kuwaangalia. Sio biashara. Mayai tunakula ndio, lakini ukipiga hesabu ya chakula chao na banda lao, mayai ya dukani ni rahisi mno. Binamu yangu aliniuliza, kwa hiyo unalisha kuku ili uwatazame? Nikamwambia ndio, na wewe unalipia king'amuzi kila mwezi uwatazame watu ishirini na mbili wakikimbiza mpira, tofauti iko wapi.

Tena kinachonifurahisha ni kwamba hawafanani. Ninao sita, na kila mmoja ana mambo yake. Shangazi ni wa aina ya Light Sussex, mweupe mwenye michirizi myeusi shingoni, huyu ndio mkubwa wa kundi, ukimwaga nafaka huku na nyingine ukaimwaga kule mbali basi ataacha anayokula aende kule kumdonoa mwenzie kichwani halafu ndio arudi kwenye chakula chake, yaani hataki kula zaidi, anataka tu ijulikane. Dada wa Mjini ni Cream Legbar, ana kishungi kimekaa upande, anataga mayai ya bluu. Bluu kweli, na ukivunja unakuta bluu mpaka ndani ya ganda, tofauti na yai la kahawia ambalo rangi yake hupakwa juu juu mwishoni kabla yai halijatoka. Hiyo bluu asili yake ni kuku wa kule Chile, wakachanganywa na wa huku. Wanangu wakipeleka yale mayai kwa mwalimu wanapokelewa vizuri sana, mimi sijui kwa nini sikuwahi kufikiria kumpelekea mwalimu mayai, kwetu mwalimu alipelekewa kuku mzima.

Halafu kuna Bibi Harusi. Silkie mweupe, manyoya laini ambayo hayawezi hata kumrusha juu ya tofali, miguu ina vidole vitano vitano, na chini ya huo weupe wote ngozi ni nyeusi ti, nyama nyeusi, mifupa nayo nyeusi. Jamani huyu kwetu asingemaliza wiki, kuna mganga angeshatuma mtu. Kazi yake ni moja tu, kuatamia. Ukiweka mpira wa gofu anaatamia, ukiweka yai la plastiki anaatamia, ukiondoa vyote anaatamia majani makavu. Ukimsogelea anajitanua, anajaza manyoya, anatoa sauti ya kukoroma, na ukiingiza mkono chini yake taratibu unakuta joto la kweli na tumbo liko uchi, amejinyonyoa mwenyewe ili ngozi iguse yai, na yai lenyewe halipo. Namtoa, namweka nje, anabaki amejikunja vile vile kwenye nyasi dakika kadhaa utadhani hajaambiwa kwamba amehamishwa, kisha anashtuka, anakimbia kunywa maji, anakunya lile kinyesi kubwa la kuku aliyeatamia (mliofuga mnajua ninachosema) na anarudi mbio kitandani.

Wawili wengine, Kipara na Pacha, hao walitoka kwenye mashamba makubwa ya mayai. Huku kuku wa mayai akifikisha wiki kama 72 hesabu yake kwa mwenye shamba imekwisha, anapelekwa kuchinjwa hata kama bado anataga, sasa kuna shirika linaitwa British Hen Welfare Trust, lipo tangu 2005, linawachukua baadhi na kuwagawa kwa watu wenye uwanja. Walikuja hawana manyoya shingoni na mgongoni, undu umepauka na umelala. Nikawafungulia mlango wa banda wakasimama pale pale kizingitini. Walikuwa hawajui nyasi ni kitu gani! Kuku mzima, ametaga mamia ya mayai, hajawahi kuchakura. Nikaketi pale nikiwaangalia wakinyanyua mguu mmoja na kuurudisha, mpaka Kipara akadonoa udongo mara moja, akadonoa tena, na kufika wikiendi walikuwa wamechimba shimo chini ya ua wangu wa waridi wanajigaragaza kwenye vumbi macho yamefumba. Wanasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, basi wale walinionyesha kwamba ni kweli hafunzwi, ila anaweza kunyimwa.

Wa sita ni Mwenyekiti, nitamfikia.

Sasa turudi Muheza, kwetu Tanga. Bibi yangu hakuwahi kuita kuku jina la mtu, lakini hakuna kuku aliyemchanganya na mwingine. Yule kibutu asiye na mkia. Yule kishingo, shingo wazi haina unyoya. Kidimu, manyoya yamejikunja kwenda mbele badala ya nyuma, ambaye watu wa nje wakimwona wanadhani anaumwa. Kuchi mrefu mwenye shingo ndefu na jicho la shari, ambaye hata mbwa alikuwa anampisha njia. Wa kishungi, wa madoa ya kanga, mwekundu, wa kijivujivu. Na ukimwuliza anakupa ukoo mzima, huyu ni mtoto wa yule koo aliyeangulia kwenye kapu la nguo za mjomba wako, mama yake naye alikuwa mkorofi hivi hivi. Kuku walikuwa wanaingia ndani kutaga, mmoja chini ya uvungu, mmoja nyuma ya pipa, mwingine alikuwa anapotea kabisa mnamkatia tamaa mnasema kachukuliwa na kicheche, halafu baada ya wiki tatu anatokea kichakani na vifaranga tisa nyuma yake, hasira kichwa kizima, hataki mtu amsogelee.

Burudani yetu kubwa ilikuwa bibi akimwatamisha koo mayai ya bata. Mayai ya bata wale wa kienyeji ni siku 35, ya kuku 21, maskini koo anakaa tu hajui kwa nini mambo hayaishi. Yakianguliwa anawapenda vile vile. Mvua ikinyesha shimo la kuchimbia tofali linajaa maji na wale watoto wanaingia, si wameona maji, na mama yao anakimbia ukingoni anazunguka anapiga kelele kwamba wanakufa wanakufa, wao wanaelea tu. Tulikaa pale juu ya tofali watoto wote wa nyumba ile tukicheka mpaka mbavu zinauma, na bibi naye anacheka huku anatufokea tusicheke.

Ndio maana nasema watu wanakosea wanaposema kufurahia kuku ni mambo ya kizungu. Bibi alifurahia kuku wake kila jioni alipowamwagia pumba. Ila hakukuwa na mtu wa kusema "huyu ni wa aina fulani, bei yake hii". Huku kishingo anauzwa na jina kubwa, Transylvanian Naked Neck, watu wanasafiri kumfuata, wanapiga naye picha. Nikawaambia kwetu huyo anapita barabarani na hana hata mtu wa kumwangalia mara mbili. Na kwa pwani ana maana yake, manyoya machache joto linatoka, wakati kuku wa manyoya mazito anahema mdomo wazi saa saba mchana yeye anachakura tu.

Upande ambao huku wananishinda ni sheria. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 hapa England ukiwa na kuku hata mmoja lazima umsajili serikalini, anakaa wapi, ni wa aina gani, wako wangapi, na kila mwaka unathibitisha. Kuku wangu walisajiliwa jioni moja nikiwa nimekaa kwenye kochi. Makaratasi yangu mimi mwenyewe ya kukaa nchi hii yalichukua muda gani tusiongelee leo. Sababu yenyewe ni ya maana, mafua ya ndege, yakizuka wanataka kujua ndege wako wapi, na kuanzia Novemba 2022 mpaka Aprili 2023 ilikuwa amri kuwafungia ndani nchi nzima. Miezi mitano! Shangazi karibu awamalize wenzie kwa kudonoa, nikawa nawaning'inizia kabichi kwa kamba darini mwa banda wairukie, angalau wawe na kitu cha kugombana nacho.

Lakini iliyonishangaza zaidi ni ya chakula. Ni kosa kisheria kumlisha kuku makombo ya jikoni. Sio nyama tu, hata kipande cha tango kikishapita kwenye jiko linalopika vitu vya wanyama basi hakiruhusiwi, wameweka hivyo baada ya ule ugonjwa wa miguu na midomo wa 2001 ulioua mifugo mingi sana. Naelewa. Ila fikiria, nimepika ugali, ukoko umebaki kwenye sufuria, ule mkavu wenye harufu nzuri, na kuku sita wamejipanga nje ya mlango wa kioo wananiangalia, na mimi natia kwenye ndoo ya taka. Bibi angeniona angesema huyu mtoto amerukwa na akili. Kwetu kuku ndio ndoo ya taka, na ndio maana hagharimu kitu, na ndio maana kila nyumba inaye.

Na jogoo hakuna. Hakuna sheria ya nchi inayomkataza moja kwa moja, ila mjini majirani wakilalamikia kelele halmashauri inakuja, na hata ile sheria ya 1950 inayowapa waliokodi bustani haki ya kufuga kuku inasema majike tu na sungura, jogoo hayumo. Kwa hiyo kundi langu ni la wanawake watupu, na hapo ndipo anapoingia Mwenyekiti.

Mwenyekiti ni Rhode Island Red, mwekundu wa kahawia, mpole, hana makuu. Mwaka jana majira ya kuchipua akaanza kubadilika. Akawa hachakuri kichwa chini na wenzie, anasimama juu ya gogo anaangalia juu, mwewe akipita mbali anatoa ile sauti ndefu ya chini na wote wanaingia chini ya kichaka. Akipata mdudu hamli, anamnyanyua anamdondosha anamnyanyua anamdondosha huku anaita ko-ko-ko mpaka mwenzie aje kumla, kazi ambayo kila mtu aliyekua na kuku anajua ni ya jogoo. Kisha asubuhi moja akawika. Sauti mbovu, ya kukwama, pora anayejifunza anamshinda, lakini ni kuwika.

Damu ilinisisimka nisidanganye. Kwetu jike akiwika ni mkosi, hapitishi usiku, anachinjwa siku hiyo hiyo. Nikamrekodi nikamtumia mama WhatsApp. Mama hakuandika, alipiga. "Mwanangu, huyo kuku bado yupo?" Nikasema yupo. "Unasubiri nini?" Nikamweleza kwamba kundi likikosa jogoo wakati mwingine jike mmoja anachukua ile nafasi, mwingine ni mambo ya homoni, kifuko cha mayai kikipata hitilafu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema sawa, hayo ya homoni nimeyaelewa, sasa mchinje.

Sijamchinja. Mzee jirani yangu ndiye aliyenitoa wasiwasi, ni Mhindi aliyezaliwa Kisumu, hapa Leicester wapo wengi waliotoka Kenya na Uganda miaka ile ya 1968 na 1972, na Kiswahili chake hakijatoka kinywani. Alisikia kule kuwika akaja kwenye ua, nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba halafu akauliza, "Mama, naweka jogoo?" Nikamwonyesha. Akamwangalia Mwenyekiti muda mrefu, akasema kwao Kisumu mpishi wao angeshakata shingo zamani, na akaomba kesho amletee mahindi. Tangu hapo anakuja kila Jumamosi. Hakuna jirani aliyepeleka malalamiko, nadhani kwa sababu anawika vibaya mno watu hawajui ni kitu gani.

Sasa niseme kitu ambacho rafiki zangu wa hapa hawakipendi. Wakija kwangu wananiambia, hawa huwezi kuwala, una majina yao, wana tabia zao! Na jioni mtu huyo huyo anapita dukani anachukua kidari kisicho na mfupa cha kuku aliyeishi wiki tano au sita, hajaona jua, uzito umemzidi miguu. Bibi alijua tabia ya kila kuku wake na aliwala. Mgeni akifika, watoto tunatumwa kumkimbiza jogoo fulani, sio yeyote, yule mchokozi anayewasumbua koo, na akichinjwa firigisi inakwenda kwa babu, na wakati wa kula bibi anasimulia vile huyo jogoo alivyokuwa akivamia kwa majirani. Aliheshimiwa mpaka kwenye mchuzi. Kati ya bibi na huyo rafiki yangu, nani anamjua kuku? Mimi sioni ubaya wa kumpa kuku jina, wangu wanayo, na wanangu hawali hawa sita na siwalazimishi, lakini tusijifanye kwamba anayemla hampendi na asiyemla anampenda, wakati huku kuku anayependwa ni wale sita wa uwani na wale mamilioni wa kwenye mabanda hakuna anayetaka kuwaona.

Ila na nyumbani nako siwasifii moja kwa moja. Nilipoenda likizo niliingia kwa yule binamu yangu Muheza nikakuta banda zuri, la bati na waya, ndani wamejaa chotara, Kuroiler na Sasso, wote wakubwa, wakila kwa pamoja, na nilipouliza kuchi wa bibi wako wapi akasema ah wale wa zamani wanachelewa kukua. Na ana haki, chotara anafika uzito wa kuuza mapema mno, mayai mengi zaidi, ada ya shule inatoka humo, siwezi kukaa Leicester nikamwambia afuge kidimu ili mimi nifurahi kuangalia. Lakini nikamwuliza, hawa wanaatamia? Akacheka. Karibu wote hawaatamii, vifaranga ananunua kila awamu, na chakula ananunua, na bei ya chakula ikipanda yeye hana la kufanya. Koo wa bibi alikuwa anataga mayai kumi na mawili au kumi na tano, anayaatamia mwenyewe, anawalea mwenyewe, anawaficha mwewe akipita, na haombi senti. Hiyo sio sifa ndogo. Ukiwa na chotara mia kwa ajili ya sokoni, hao koo watano na jogoo mmoja wa kuchi wakizunguka nje hawakupunguzii kitu, tena chotara wakiugua mfululizo hao ndio watakaokurudishia mbegu.

Tena sio hao wa kwetu tu. Kuna ching'wekwe wa huko Dodoma na Morogoro, mfupi wa miguu, kuna singamagazi wa Tabora, kuna bukini asiye na mkia, watafiti wameshawapima na kuwaandika, wanajulikana. Waingereza wakipata kitu cha namna hiyo wanaunda klabu, wana mashindano, wana vitabu vya vipimo vya undu na rangi ya mguu. Wakati mwingine inafika mahali pa kuchekesha, mtu anamwosha kuku kwa shampuu na kumkausha kwa drai ya nywele kabla ya maonyesho, nimeona kwa macho yangu na kuku katulia tuli. Sisi hatuhitaji shampuu. Lakini lile la kujua kwamba huyu ni wa kwetu na asipotee, hilo wanatuzidi.

Ukiwauliza watu kwa nini wameacha wa kienyeji wengi hawatasema kwamba wanachelewa kukua. Watasema ugonjwa wa mdondo. Wengine wanaita kideri. Ukiingia unafagia kijiji, jioni unafunga banda limejaa asubuhi unaokota, bibi alipoteza kundi zima mara zaidi ya moja na akaanza upya na koo wa kuazima. Na hili ndilo linaloniudhi kwa sababu chanjo ipo, ile ya I-2, inatengenezwa hapo hapo Kibaha, tone moja jichoni, unarudia kila miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko zile za zamani. Shida ni kwamba kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko alionao mtu mmoja kijijini, kikishafunguliwa hakikai, basi mwenye kuku kumi anaona hasara ananyamaza. Dawa ni kukusanyana. Binamu yangu ameshakubaliana na nyumba nne za jirani, wanachanga, mwenye friji ndiye anakaa nacho, na siku ya chanjo inafanyika alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa maana ukishawafungulia kidimu hakamatiki. Mimi natuma hela ya kichupa, yeye kwa upande wake ameniahidi tetea wawili wa kuchi kutoka kwa shemeji yake Pangani. Jogoo bado anatafutwa, mwenye naye ajitokeze, awe na hasira kidogo.